Singa, Kioo na Kifua: Historia ya Vumbi la Mkonge Tanga

Historia ya mkonge katika Tanga hufundishwa kwa tani. Tunaanza mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa niaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mjini Tanga. Kutoka hapo tunaruka hadi mwaka 1964, nchi ilipozalisha zaidi ya tani 230,000 na kuongoza duniani. Kisha tunateremka: kamba za plastiki, bei kuanguka, mashamba kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na uzalishaji kufikia takribani tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanafunzi anayeweza kuchora mchoro huo wa kupanda na kushuka hupata alama zake, nasi tunaendelea na somo la pamba.

Katika makala haya nataka kuisimulia historia hiyo kwa kipimo kingine, yaani vumbi. Sababu yangu ni ya leo. Mkonge unarudi, na miongoni mwa hoja zinazotumika kuunadi ni kwamba singa zake zinaweza kuchukua nafasi ya nyuzi za kioo katika utengenezaji wa magari, kwa kuwa ni nyepesi, zinaoza na ni salama zaidi kwa afya. Hoja hiyo ina ukweli mwingi ndani yake. Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni moja: salama kwa nani?

Kioo na mpinzani wake

Nyuzi za kioo, au faiba kama wanavyoziita mafundi wa boti na wa bampa katika mwambao wetu, zilipata umaarufu katika magari mwaka 1953, pale Chevrolet ilipotoa gari la Corvette lenye bodi iliyotengenezwa kwa nyuzi hizo na resini. Faiba haishiki kutu, ni nyepesi kuliko chuma, na huchukua umbo lolote la kalibu. Kwa miongo kadhaa imetumika katika bodi, bampa, paneli na vifuniko vya magari ya kila aina.

Ni vema kuwa waadilifu tunapoeleza madhara yake. Wapo wanaoifananisha faiba na asbesto, na mfano huo haukai sawa. Uzi wa asbesto hupasuka kwa urefu na kutoa nyuzi nyembamba zaidi na zaidi, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nyuzi ndefu za kioo zinazoimarisha plastiki hukatika kwa upana, hivyo unene wake unabaki uleule, na kwa kawaida unazidi mikroni 3, kipimo kinachotumika kutenganisha nyuzi zinazoweza kufika ndani ya pafu na zile zisizoweza. Mwaka 2001 jopo la Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani (IARC) liliziweka nyuzi hizo katika kundi la 3, yaani ushahidi uliopo hautoshi kuzihesabu kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Madhara yake yaliyo wazi ni muwasho wa ngozi, macho na koo, hasa pale zinapokatwa na kupigwa msasa. Kubwa zaidi ni mvuke wa stairini unaotoka katika resini ya poliesta. Mwaka 2018 IARC iliipandisha stairini hadi kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Kwa hiyo fundi wa faiba ana haki ya kuogopa, ila anapaswa kuiogopa zaidi ndoo ya resini kuliko kitambaa cha kioo.

Kilichowasukuma watengenezaji wa magari wa Ulaya kutafuta mbadala hakikuwa afya peke yake. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kuhusu magari yaliyokwisha muda wake, lililotaka kufikia mwaka 2015 asilimia 95 ya uzito wa kila gari itumike tena, irejelezwe au ichomwe kwa ajili ya nishati. Kioo hakiungui, hubaki jivu. Pia ni kizito: sentimita moja ya ujazo ya kioo ina gramu 2.5 hivi, ilhali ya singa ya mkonge ina gramu 1.4 hivi. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya magari vya Ujerumani vikawa vinashindilia mikeka ya kitani, katani na nyuzi nyingine za mimea pamoja na plastiki ili kupata paneli za ndani za milango. Plastiki inayotumika mara nyingi ni polipropilini. Msomaji wa historia atatabasamu kwa uchungu hapo, maana ni polipropilini hiyohiyo iliyoingia katika kamba za kufungia mavuno ya wakulima wa Ulaya na Marekani na kuliua soko la mkonge wetu. Adui wa jana amekuwa mwenzake wa kitanda kimoja katika mlango wa gari.

Sidai kwamba kila singa itokayo Korogwe imo garini. Nyingi bado huenda kwenye kamba, mazulia, magunia na kazi za jasi. Ninachodai ni kwamba neno «salama» linalobandikwa katika nyuzi za mimea limepimwa kiwandani zinakofikia nyuzi hizo. Kule zinakoanzia safari, kipimo chake kina historia ndefu, nayo haipendezi.

Njia ya singa

Kwa asiyewahi kuingia katika kiwanda cha mkonge, nieleze kwa ufupi. Majani hukatwa kwa mkono, miiba ya ncha huondolewa, na majani hufungwa matita ya majani 30. Matita hupakiwa kwenye toroli au trela na kupelekwa kwenye korona. (Korona hapa ni mashine ya kusaga na kukwangua majani, jina lake limetangulia ule ugonjwa kwa miongo mingi.) Huko majani hupondwa huku maji mengi yakimwagwa, na nyama ya jani ikaondoka. Singa zinazopatikana hazifiki asilimia 5 ya uzito wa jani. Zinazobaki huoshwa na kuanikwa juani kwenye kamba za waya.

Hadi hapo kazi ni ya majimaji. Mfanyakazi wa korona huwashwa ngozi kwa utomvu, hupiga chafya na kutokwa na kamasi. Balaa lenyewe huanza baada ya jua. Singa zilizokauka hupelekwa chumba cha brashi, ambako mfanyakazi hushika fungu kwa mikono miwili na kulisukuma kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi, ili nyuzi fupi, ganda na uchafu vitoke na singa zing'ae. Vinavyotoka havina pa kwenda isipokuwa hewani. Baada ya hapo singa huchambuliwa kwa daraja, na kushindiliwa kuwa marobota.

Vumbi la mmea haliumizi kwa namna ya kioo. Kioo hukwaruza. Vumbi la mkonge hubeba vipande vya jani, ukungu na mabaki ya bakteria waliostawi wakati singa zilipokuwa mbichi na zenye unyevu, na mapafu huyapokea mabaki hayo kama yanavyopokea ugonjwa: njia za hewa hubana, kikohozi huanza, pumzi hupungua. Dalili inayojulikana zaidi ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha kupata nafuu kadiri wiki inavyoendelea. Madaktari huiita hali hiyo bisinosisi. Mgonjwa akiendelea miaka mingi, nafuu huacha kuja.

Kilichojulikana, na lini

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, anayehesabiwa kuwa baba wa tiba ya kazi, aliandika juu ya kikohozi cha wachambuaji wa kitani. Mwaka 1941 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, ilianzisha mpango wa mafao kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya kwao waliolemazwa na bisinosisi. Ulikuwa mpango finyu, wenye kumtaka mtu awe amefanya kazi kwa miaka mingi katika vyumba vya vumbi. Hata hivyo ulikuwa ni kukiri kwamba vumbi la nyuzi za mimea linaua pumzi, na kwamba aliyeumia anastahili kulipwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, wenye mashamba ya mkonge Tanganyika walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU. Ofisi hiyo iliwakusanya wanaume kutoka Ubena, Ungoni, Buha na kwingineko, wakaletwa Tanga kwa malori na treni, kila mmoja na namba yake. Kutokana na namba hizo tukapata neno manamba. Walifanya kazi kwa mkataba, na ujira ulihesabiwa kwa kipande, ile kadi yenye nafasi za siku 30. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa, na kadi isipojaa, mshahara haukuja.

Ningependa msomaji ausome mfumo huo kwa macho ya daktari. Bisinosisi hutambuliwa kwa kumfuata mtu yuleyule, mahali palepale, kwa miaka. Manamba aliondoka mkataba ulipokwisha, na kifua chake aliondoka nacho. Kama kilimshinda Njombe au Kasulu, mganga wa huko aliona mtu mwenye kikohozi, akafikiria kifua kikuu au tumbaku. Aliyeshindwa kumaliza kazi siku ya Jumatatu kwa sababu ya kubanwa alikuwa, mbele ya mnyapara, mvivu au mlevi wa Jumapili. Kadi ya kipande ilikuwa na nafasi za siku. Haikuwa na nafasi ya pumzi. Kipimo cha Uingereza cha miaka mingi katika chumba cha vumbi kisingemgusa manamba hata kama kingeletwa Tanga. Mfumo wa kazi wenyewe ulihakikisha kwamba ugonjwa hauwi na takwimu.

Mwaka 1958 ulileta mambo mawili ambayo hayakukutana. Katika shamba la Mazinde wafanyakazi waligoma wakitaka chama chao kitambuliwe badala ya mabaraza yaliyoundwa na waajiri. Mgomo huo umeandikwa vizuri na wanahistoria wa tabaka la wafanyakazi nchini. Mwaka huohuo jarida la Uingereza la tiba ya viwandani lilichapisha makala ya Dk. H. Stott kuhusu magonjwa ya mapafu kwa wafanyakazi wa mkonge nchini Kenya. Mambo yaliyosikika zaidi katika migomo ya miaka ile yalikuwa ujira, kipande na haki ya kuwa na chama. Makala ya daktari ilisomwa na madaktari.

Uhuru ulikuja, kipande kikaondoka, mishahara ikapanda, na mfanyakazi wa mkonge akaanza kuwa mkazi badala ya mpita njia. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya umma. Kwa hiyo watafiti wa Kitanzania, K. Y. Mustafa na wenzake, walipochapisha matokeo yao mwaka 1978, walikuwa wanaandika juu ya viwanda vya taifa lililokwisha kutangaza ujamaa. Walichunguza viwanda sita vya mkonge. Katika chumba cha brashi, karibu nusu ya wafanyakazi walikuwa na dalili za bisinosisi. Kwa wasokotaji, ambao hushughulika na singa zilizokwisha kusafishwa, ilikuwa takribani mmoja kati ya ishirini. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi wenyewe: mmea ni uleule, nchi ni ileile, na kinachotofautiana ni chumba.

Mwaka 1980 Shirika la Kazi Duniani lilirekebisha orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Ndani yake yakawekwa magonjwa ya mapafu yanayosababishwa na vumbi la pamba, kitani, katani na nyuzi za jamii hiyo, na mkonge umetajwa kwa jina. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti wa Tanzania wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walichapisha tafiti mpya kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini, na kwa mara nyingine dalili za mfumo wa hewa zikaonekana: kikohozi katika brashi, chafya na mafua katika korona. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu utafiti wa Mustafa. Mwenye shamba alikuwa amebadilika, kutoka dola kwenda kwa watu binafsi. Chumba kilikuwa kilekile.

Kwa nini elimu haikugeuka kuwa ulinzi

Wanaharakati wengi watasema ubepari, na kwa kipindi cha manamba sina ubishi nao. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi kueleza mwaka 1978, wakati shirika lililomiliki viwanda na idara iliyopaswa kuvikagua vyote vilikuwa mali ya serikali moja yenye kiu ya fedha za kigeni. Maoni yangu ni kwamba tulirithi namna ya kuhesabu. Tulizitaifisha tani, hatukuutaifisha ujuzi juu ya miili iliyozizalisha. Taarifa za mwaka ziliendelea kuwa na safu za hekta, marobota na mauzo, na safu ya kifua haikuwahi kuongezwa.

Sheria leo si haba. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya ile sheria ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950, nayo inataka wafanyakazi wapimwe afya kulingana na hatari za kazi yao. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Ugumu upo katika kumpata mtu wa kumtendea haki sheria hizo zinazoitoa. Kibarua wa msimu hapimwi anapoingia, kwa hiyo hakuna namna ya kuthibitisha alichopoteza anapotoka. Bila kipimo cha kwanza, cha pili hakisemi kitu, na bila vyote viwili dai la fidia ni hadithi ya mtu mwenye kikohozi.

Sasa kuna jambo jipya. Serikali imeufanya mkonge kuwa zao la kimkakati, na kuweka lengo la kufikisha tani 120,000. Sehemu ya ongezeko hilo inategemewa kutoka kwa wakulima wadogo, kama wale wa vyama vya ushirika vya Hale, Magunga, Mwelya, Magoma na Ngombezi wilayani Korogwe. Nauunga mkono mwelekeo huo. Ni nafasi kwa mtu wa kawaida wa Tanga kuwa mwenye zao badala ya mwenye panga. Lakini umiliki ukigawanyika, wajibu nao unaweza kugawanyika hadi usionekane. Shamba ni la mkulima, majani huuzwa kupitia ushirika, korona ina mwendeshaji wake, kibarua wa brashi ameajiriwa na mtu wa tano. Katika mlolongo huo, feni ya kunyonya vumbi ni ya nani?

Tunachoweza kudai

Nawaandikia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, kwa hiyo sitaishia kwenye masikitiko.

Kwanza, Bodi ya Mkonge Tanzania, ambayo makao yake yako Tanga, ichapishe kiwango cha vumbi cha kila chumba cha brashi pamoja na tani za kila kiwanda, katika jedwali moja. Kiwanda kipya kisipewe leseni ya kuchakata bila mashine ya brashi iliyofunikwa na yenye bomba la kuvuta vumbi pale linapozalishwa. Barakoa iwe kinga ya mwisho. Kuigawa barakoa na kuliacha vumbi lipae ni kumhamishia mfanyakazi kazi ya mhandisi.

Pili, kila aingiaye chumba cha brashi, kibarua au wa kudumu, apulize kwenye kipimo cha mapafu siku ya kwanza, kila mwaka, na siku ya kuondoka, naye apewe nakala ya matokeo mkononi. Nakala hiyo ni hati yake ya mali.

Tatu, wanaouza mkonge nje kwa jina la nyuzi salama wakubali kwamba neno hilo lina gharama. Mnunuzi anayelipa zaidi kwa sababu singa hazimdhuru mfanyakazi wake kiwandani Ulaya anaweza kuulizwa, bila aibu, alipie pia feni ya Korogwe. Wanasheria na wachumi wetu wanaojadili mikataba waliweke sharti hilo mezani kabla ya bei.

Nne, na hili halihitaji bajeti. Ramazzini aliwashauri madaktari wa zama zake waongeze swali moja katika maswali wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Katika zahanati za Muheza na Korogwe, na katika hospitali ya Bombo, kila kadi ya mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu iandikwe kazi yake na miaka aliyoifanya, na kama ni mkonge, iandikwe korona, brashi au shamba. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu waanze hapo. Wazee waliofanya kazi brashi katika miaka ya 1970 bado wapo katika vijiji vinavyozunguka mashamba hayo, na wapo waliorudi kwao bara. Tuwaulize wakati bado wana pumzi ya kujibu.